Ukiona 3 inasomeka na 1 haisomeki, usilaumu waya

Wasee wengi wakinitumia picha ya skrini wakiuliza mbona Arduino, ile bodi ndogo ya kuprogramu, inatoa alama za ajabu badala ya namba, huwa washabadilisha waya, washarudi Luthuli Avenue, Nairobi, kununua moduli nyingine ya MAX3232 (ile ya kubadilisha volti za RS-232 ziendane na bodi), wengine hadi bodi mpya, na shida bado iko palepale. Mimi nawaambia kabla utoe pesa, angalia hizo takataka zenyewe kwanza, maana huwa zina mpangilio.

Kama hakuna hata herufi moja inasomeka, shuku baudi, yaani kasi ya kutuma biti, huyu anaongea 9600 na yule anasikiliza 115200. Ama umechomeka waya ya RS-232, ule mtindo wa zamani wa kutuma data kwa volti kubwa, moja kwa moja kwa pini, na hapo biti ya 1 inatumwa kama volti hasi, kwa hivyo chomoa haraka kabla chipu iungue. Hiyo ni rahisi. Kazi iko kwa ile ya nusu kusomeka na nusu kukataa.

Chukua mizani ya godauni, nilikutana na moja huko Industrial Area, mwenyewe alitaka uzito uonekane kwa skrini kubwa. Gunia likiwa 50.6 skrini inasoma 50.6 safi kabisa, likiwa 41.2 unapata nukta peke yake na alama tatu za kishetani. Fundi aliyetangulia alisema ni kutu kwa koneta. Sasa kutu gani hiyo inachagua namba? 0, 3, 5, 6 na 9 zilikuwa zinapita kila mara, 1, 2, 4, 7 na 8 hazipiti hata siku moja.

Iko hivi. Mizani ilikuwa inatuma 7E1, yaani data biti 7, biti moja ya pariti ya shufwa (biti ya ukaguzi inayowekwa ili jumla ya zile moja iwe shufwa), na stopu biti moja ya kufunga. Arduino usipoiambia kitu inasoma 8N1, data biti 8 bila pariti. Ukihesabu na stati biti, ile ya kuanzia, zote mbili ni biti 10, kwa hivyo chipu hailalamiki, hakuna erori ya framu (mpangilio wa biti), inachukua tu ile pariti inaifanya biti ya nane. Herufi ya namba 3 kwa kodi ya ASCII ni 0x33 (0x ni heksadesimali), ukiiandika kwa biti ina moja nne, tayari ni shufwa, pariti inakuwa 0 na hakuna kinachoharibika. Namba 1 ni 0x31, ina moja tatu, pariti inakuwa 1, na wewe unapokea 0xB1. Kibaya zaidi hata '\r', ile alama ya kumaliza mstari, inageuka kuwa 0x8D, so ile readStringUntil('\r') yako inangoja kitu ambacho hakitakuja mpaka taimauti iishe.

Dawa kwa Arduino Mega ni Serial1.begin(9600, SERIAL_7E1), basi. Kama unatumia SoftwareSerial, maktaba ya kupokea data kwa pini za kawaida, hiyo inajua 8N1 pekee, kwa hivyo pokea hivyohivyo halafu fanya c & 0x7F kufuta biti ya nane, na ukitaka kuhakikisha pariti hesabu zile moja mwenyewe kabla ya kuifuta.

Ukihamia STM32, familia nyingine ya chipu, kuna mtego mwingine, na huu naona ni wa kuudhi tu, sijui kwa nini waliupanga hivyo. Pale wanaposema urefu wa neno, pariti imehesabiwa ndani. Ukiweka UART_WORDLENGTH_8B na UART_PARITY_EVEN umepata 7E1, si 8E1. Ukitaka 8E1 weka 9B. Watu wanahangaika na mita za Modbus (lugha ya mawasiliano ya vifaa vya viwandani) wiki nzima kwa sababu ya huo mstari mmoja.

Na kama ni Arduino ya chipu ya AVR, kama Mega, na baiti zinapotea kimyakimya, jua maktaba yake ikipata erori ya pariti inaitupa hiyo baiti bila kukuambia. Hakuna alama ya ajabu, hakuna chochote, ujumbe unakuja tu na mapengo. Hapo jaribu kusoma bila pariti kwanza uone ni nini hasa kinatumwa.

Lakini usiiamini pariti sana. Biti moja ikipinduka inaigundua, mbili zikipinduka pamoja inapitisha kama kawaida, ndiyo maana Modbus RTU, ile ya waya wa siriali, ina CRC ya biti 16 juu yake, yaani namba ya kukagua ujumbe mzima. Pia inakula nafasi, kwa baudi 9600 ukiwa 8N1 unapitisha baiti 960 kwa sekunde, 8E1 unashuka hadi kama 872, ingawa kwa kusoma mita nani atahisi hiyo tofauti. Mimi mita ikikubali naiweka 8E1 kwa sababu ndiyo standadi ya Modbus inataka. Ukiondoa pariti standadi inadai stopu biti 2, japo mita kibao unazonunua hapa mjini zinakuja 8N1 na zinapiga kazi tu, so fungua menyu ya mita uone imewekwa nini kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa kodi.