Maswali ya Wasomaji: Kuta Zinazolia na Kiukuta cha Mlangoni

SWALI: Tumenunua nyumba ya zamani ya shambani, Kaunti ya Mayo, Ireland. Kuta ni za mawe, unene kama sentimita 60, na nje zilipigwa lipu ya saruji. Ndani rangi inabambuka mpaka usawa wa magoti. Fundi anataka kutoboa mashimo ya kuingizia dawa ya kuzuia maji. Tukubali?

JIBU: Msikubali. Kuta hizo ni safu mbili za mawe, katikati pamejazwa vifusi na udongo au chokaa. Dawa huishia kwenye mianya, haienei. Na mara nyingi mchawi ni hiyo saruji. Lipu ya chokaa hunywa mvua, kisha huitoa upepo ukivuma. Saruji hupata nyufa nyembamba kama unywele. Maji yakishapenya hapo hayana pa kutokea ila chumbani.

Ila msianze na lipu. Tazameni kwanza ardhi ya nje: samadi, changarawe na zege vya miaka mingi huipandisha mpaka ikapita sakafu ya ndani. Ishusheni, kama sentimita 15 chini ya sakafu, lakini kwa tahadhari. Nyumba nyingi za aina hii hazina msingi wa maana. Mawe makubwa ya chini yamelazwa kwenye udongo tu, na ukichimba mtaro ubavuni mwake ukapita chini yake, ukuta utainama. Mtaro wa kokoto wa kuondolea maji ukae mbali kidogo na ukuta.

Kisha bandueni saruji kwa nyundo na patasi, mkijaribu kipande kidogo kwanza. Ikiwa inang'oka na mawe, acheni. Ukuta ukauke miezi kadhaa. Lipu mpya iwe ya chokaa ya haidroliki (inayogandishwa na maji) daraja la 3.5, sehemu 1 kwa sehemu 2.5 za mchanga safi wenye chembe kali, kwa tabaka za milimita 10 hivi. Kazi ikome joto likishuka chini ya nyuzi 5, na gunia bichi lining'inizwe mbele ya ukuta siku kadhaa, maana chokaa ikikaushwa haraka na jua au upepo hubaki unga. Mwisho pakeni chokaa nyepesi kama maziwa, mara nne au tano, ukuta ukiloweshwa kila mara. Rangi ya plastiki itawarudisha mlikotoka.

SWALI: Nyumba yetu iko Wexford, kusini-mashariki mwa Ireland. Ukifungua mlango unakutana na kiukuta chenye kidirisha kidogo, na nyuma yake ndipo meko yalipo. Kinabana njia. Tukibomoe?

JIBU: Hapana. Kiukuta hicho huzuia upepo wa mlangoni usitawanye moshi, na kidirisha kilimwezesha aliyeota moto kuona anayeingia. Ndiyo alama ya nyumba za mashariki na kusini-mashariki. Magharibi, mlango hufunguka moja kwa moja jikoni, mbali na meko. La hatari zaidi: mara nyingi ncha ya boriti inayobeba dohani hulala juu yake. Ukikitoa, dohani itafuata.

Ulizeni pia halmashauri ya kaunti kama nyumba imo katika orodha ya majengo yanayolindwa. Ikiwamo, ulinzi unafika hadi ndani. Ombeni kwa maandishi tamko la kifungu cha 57 cha Sheria ya Mipango na Maendeleo ya mwaka 2000, litakaloeleza kazi zipi zinahitaji kibali. Hujibiwa ndani ya wiki 12, nyundo isubiri.