Muulize Fundi: Albamu ya dakika 37, gigabaiti mbili na nusu

*Shikamoo fundi. Nina CD ya Harvest, albamu ya mwanamuziki Neil Young, niliyoinunua nikiwa chuoni, haina hata mkwaruzo. Sasa naiona inauzwa upya kwenye intaneti kama faili za "ubora wa juu", 24/192, kwa zaidi ya dola 20. Nimesikiliza kionjo kwa simu na spika ya Bluetooth, sioni tofauti yoyote. Masikio yangu ndiyo mabovu, au nataka kuibiwa? – Msomaji, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Masikio yako hayana neno. Hicho kionjo hakikukufikia kikiwa 24/192, yaani biti 24 na vipimo 192,000 kila sekunde. Njia ya kawaida ya Bluetooth, ile iliyomo kwenye kila spika, hupitisha takriban kilobiti 328 kwa sekunde, na sauti ya 24/192 kabla ya kubanwa inataka 9,216. Umemimina pipa zima kwenye mrija wa soda. Ukitaka kulinganisha kwa haki, tumia waya.

Tuje kwenye hizo namba, maana ndizo zinazouza. CD hupima sauti mara 44,100 kila sekunde na kuandika kila kipimo kwa biti 16. Hiyo inatosha kurudisha sauti zote hadi hezi (mitetemo kwa sekunde) 22,050, na sikio la kijana mzima huishia kama 20,000. Langu nimelipima mwenyewe. Nina miaka 61, na mingi kati ya hiyo nimekaa mbele ya spika za harusi. Linaishia 11,000. Mjukuu wangu alikuwa ananiambia, "Babu, bado inalia," nami nasikia feni tu. Hizo sauti za juu zinazobebwa na 192,000 zinabisha hodi kwenye nyumba yangu isiyo na mtu, na hata kwako wewe kijana hazipati wa kuzifungulia.

Na biti je? Biti 16 zinakupa kama desibeli 96 kati ya sauti kubwa kabisa na mvumo wa chini. Harvest ilirekodiwa kwa tepu mwaka 1971 na kutoka Februari 1972. Tepu za studio za wakati ule, zisipowekewa kipunguza mvumo, zilikuwa na desibeli 60 hadi 70. Mvumo wa tepu yenyewe ni mkubwa kuliko kasoro ya CD yako.

Mwaka 2007 Wamarekani wawili, Meyer na Moran, walichapisha majaribio yao: watu walisikiliza diski za ubora wa juu, kisha sauti ileile ikiwa imepitishwa kwenye kipimo cha CD, bila kujua ipi ni ipi. Majibu 554, sahihi 276. Ungerusha shilingi ungepata hivyohivyo. Lakini wenyewe waliongeza jambo ambalo wabishi wa pande zote mbili huliruka: diski nyingi za aina hiyo kweli zilisikika vizuri kuliko CD za kawaida, kwa sababu waliozitengeneza walikuwa makini zaidi.

Basi swali lako siyo 192 au 44. Swali ni nani alikwenda stoo, akachukua tepu ipi, akaicheza kwenye mashine gani, na baadaye akaiachia ipumue au akaibana ili ipige kelele. CD nyingi za miaka ya themanini zilitolewa haraka, wakati mwingine kutoka kopi ya kopi. Matoleo mapya mengine ni mabaya zaidi: yamepandishwa sauti mpaka ngoma imekatwa kichwa. Fungua wimbo kwenye programu ya kuhariri sauti. Ukiona mawimbi yana vilele na mabonde, sawa. Ukiona tofali moja refu, funga mkoba.

Neil Young mwenyewe anayajua haya kwa uchungu. Albamu yake ya kwanza, ya Novemba 1968, ilipitishwa kwenye mtambo wa Haeco-CSG uliokusudiwa kufanya santuri za stereo zichezeke vizuri kwenye vinanda vya santuri vya mono, yaani vya njia moja ya sauti. Sauti ikafifia. Akachukia, ikachanganywa upya na kutolewa tena mwaka 1969. Mtu aliyeanza hivyo, usishangae kwamba mwaka 2009 alitoa mkusanyo wa rekodi zake za mwanzo kwenye diski za Blu-ray za 24/192, na kwamba bado anapigana. Kwenye namba namkatalia. Kwenye kusimamia tepu zake namvulia kofia, maana wanamuziki wengi wa rika lake waliziacha kampuni zifanye zitakavyo.

Ushauri wangu: kama CD yako ni toleo la zamani, toleo jipya lililotoka kwenye tepu ya asili linafaa pesa yako, lakini chukua la 24/96 au hata la kipimo cha CD kama lipo kwa bei nafuu. Albamu ina dakika 37 na ushee. Kwa 24/192 ni kama gigabaiti 2.5 kabla ya kubanwa; kwa CD ni megabaiti 390. Hesabu na bando lako.

Ukishalipata, vaa hedifoni ya waya usikilize vyumba. Mimi nilianza na kaseti, kopi aliyotuachia mwalimu wa kujitolea kutoka Kanada, na kwenye ile redio yetu nyimbo zote zilitoka chumba kimoja: ndani ya kopo. Kumbe "Heart of Gold" ni studio ya Nashville, ndogo, kavu, ngoma iko karibu na goti lako. "A Man Needs a Maid" ni orkestra nzima ya London Symphony kwenye ukumbi wa mji wa Barking. "Alabama" na "Words" ni ghala la shambani kwake California. Halafu "The Needle and the Damage Done" ilirekodiwa jukwaani, chuo kikuu cha UCLA, Januari 1971. Mwishoni watu wanapiga makofi, na makofi yanakatwa ghafla "Words" inaingia. Kwenye kaseti nilidhani ni kukatika kwa mkanda wetu kuukuu! Hiyo ndiyo tofauti utakayoisikia, na CD nzuri pia inaibeba.

Graham Nash, mwanamuziki mwenzake Young, husimulia kwamba alipelekwa kwa mtumbwi katikati ya ziwa la shamba hilo la California kusikilizishwa albamu: nyumba ikiwa spika ya kushoto, ghala spika ya kulia. Prodyuza Elliot Mazer akauliza kutoka ufukweni sauti ikoje, Young akapaza: "Ongeza ghala!"

*Fundi, nimeona mtu anauza mtumba wa Pono, kile kifaa cha kuchezea muziki cha Neil Young, cha pembetatu. Nichukue? – Msomaji, Nakuru*

Kwa kumbukumbu, chukua. Kwa kazi, hapana. Mwaka 2014 zaidi ya watu 18,000 walikichangia kupitia Kickstarter, zaidi ya dola milioni 6, na dukani kiliuzwa dola 399. Mashine yenyewe ilikuwa nzuri, ila umbo lake halikai mfuko wowote wa suruali. Duka lake la muziki lilifungwa na mradi ukafa 2017. Uliza kwanza betri inakaa saa ngapi. Muuzaji akikujibu "inategemea", rudi nyumbani.

*Shikamoo. Marehemu baba ametuachia santuri, zikiwemo After the Gold Rush ya Neil Young na nyingine nzito za bibi. Nataka kuziweka kwenye kompyuta. Nitumie 192? – Msomaji, Tanga*

Marahaba, na poleni. Rekodi kwa 24/96, inatosha na kubaki. Biti 24 hapa zina maana kweli, kwa sababu unaporekodi hujui kishindo kikubwa kitakuja lini. Unaacha nafasi ya desibeli 10 juu bila kupoteza kitu chini. Kabla ya hapo nunua sindano mpya. Hakuna namba itakayotibu sindano iliyolika.

Santuri za baba zisafishe kwa maji yaliyokenekwa (distilled), yale safi ya kuongezea betri, siyo asidi yake, na tone la sabuni ya vyombo, kisha zisuuze. Zile nzito za bibi, za mizunguko 78, zinazovunjika kama sahani, usiziguse kwa spiriti, zitayeyuka. Na zinataka sindano yake pana. Nipigie kupitia ofisi ya gazeti, ninazo mbili.