Maswali ya Wasomaji: Herufi kwenye karatasi ya ukoo wa mbwa

SWALI: Daktari, shikamoo. Kuna mtu anayetangaza mtandaoni watoto wa mbwa aina ya pitbull, na nilipoonyesha nia ya kununua alinitumia picha ya karatasi ya ukoo yenye vizazi vinne. Mbele ya majina mengine kuna herufi CH au GR CH, nyuma yake kumeandikwa alama kama 3XW, na jina moja limefuatiwa na ROM. Ananiambia kwamba hiyo ndiyo damu ninayoilipia. Nilipomwuliza mababu hao walishinda mashindano gani, akanyamaza. Je, herufi hizo zina maana gani, na mbwa wa ukoo huo anaweza kuishi na watoto wangu wadogo?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza swali ambalo muuzaji hakutaka kulijibu: karatasi uliyotumiwa ni kumbukumbu ya mapigano ya mbwa. Herufi CH peke yake zisingenitia shaka, kwa sababu vyama halali vya mbwa navyo huziweka mbele ya jina la mbwa aliyeshinda kwenye maonyesho, ambako waamuzi hutazama umbo na mwendo, na ushindi huo unaweza kuuthibitisha kwa kukiandikia chama husika. Kinachoifichua karatasi yako ni 3XW, yaani mbwa huyo amepigana akashinda mara 3. Angekuwa ameshindwa mara moja ungeona 1XL. Katika ulimwengu huo mbwa huitwa bingwa (CH) akishinda mapigano 3, na bingwa mkuu (GR CH) akishinda 5 bila kushindwa. ROM hupewa mzazi ambaye watoto wake wamekuwa mabingwa, kwa hiyo nyuma ya jina hilo moja yapo mapigano ya mbwa wengi usiowaona kwenye karatasi.

Pigano hufanyika ndani ya uzio wa mbao wa mraba, wenye upana wa mita 4 hadi 6, na mara nyingi sakafuni hutandikwa zulia ili mbwa wasiteleze. Mbwa hupimwa uzito mbele ya pande zote mbili, kisha kila upande humwosha mbwa wa upande mwingine, kwa hofu kwamba manyoya yamepakwa sumu ya kumdhuru atakayeyauma. Mbwa akigeuka na kumwacha mwenzake, mwamuzi huamuru watenganishwe na kurudishwa kwenye pembe zao, na aliyegeuka huachiwa kwanza ili ionekane kama atauvuka mstari uliochorwa mbele yake. Asipouvuka ndani ya sekunde chache, ameshindwa. Pigano linaweza kuendelea kwa saa nzima, wakati mwingine hata mbili, na wapo mbwa wanaokufa baadaye kwa kupoteza damu au kwa mshtuko, kwa kuwa mwenye mbwa anaogopa maswali ya daktari kuliko anavyoogopa vidonda. Mbwa anayeuvuka mstari huo akikokota mguu uliovunjika ndiye wanayesema ana moyo. Moyo huo ndio wanaoamini kwamba hurithiwa, na ndio unaouzwa kwako kwa jina la damu.

Imani hiyo ina umri mrefu. Uingereza ilipopiga marufuku mwaka 1835 michezo ya kuwachochea mbwa dhidi ya mafahali na dubu, pamoja na mapigano ya mbwa, fahali hakuweza kufichika, lakini mbwa wawili waliweza kupiganishwa katika chumba cha chini ya nyumba pasipo jirani kujua. Uzao wa bulldog na terrier uliotokana na hali hiyo ulivuka bahari hadi Marekani, na huko baadhi ya wafugaji wakawa maarufu kwa damu yao, kama John P. Colby wa Newburyport, Massachusetts, ambaye jina lake bado linatajwa kwenye koo za pitbull hadi leo. Ili kuihifadhi damu ya bingwa mmoja, wafugaji humpandisha na binti yake au mjukuu wake, na ada ya kumpandisha pamoja na bei ya watoto wake huweza kumwingizia mwenyewe fedha kwa miaka mingi baada ya pigano la mwisho. Ndiyo maana siwezi kukubali kauli kwamba anayenunua mtoto wa mbwa tu hahusiki na pigano. Bei unayotajiwa ilipandishwa ndani ya uzio ule.

Usiri wao nao umejengwa juu ya ukoo. Mgeni haingii mpaka mzoefu amdhamini, na mahali pa pigano hutajwa saa chache kabla. Hata hivyo matokeo ni lazima yatangazwe kwa namna fulani, kwa kuwa ushindi usiojulikana haupandishi bei ya mtu yeyote. Hapo ndipo walipojifunga wenyewe, kwa kuwa damu wanayojivunia inaweza kufuatiliwa. Mwaka 2009 polisi wa Marekani waliwakamata zaidi ya mbwa 400 katika msako mmoja uliogusa majimbo kadhaa, na mwaka uliofuata ikaanzishwa hazina ya vinasaba vya mbwa wa mapigano katika Chuo Kikuu cha California, Davis. Mate yaliyochukuliwa shavuni mwa mbwa aliyekamatwa jimbo moja yanaweza kumwunganisha na ndugu yake aliyekamatwa jimbo jingine, na hivyo kuwaunganisha wafugaji wao. Nchini humo, kumuuza au kumnunua mbwa kwa ajili ya mapigano ni kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha hadi miaka 5.

Kuhusu watoto wako, sitakuambia kwamba damu inatosha kumhukumu mbwa. Mwaka 2007 mchezaji wa mpira wa Kimarekani, Michael Vick, alihukumiwa kifungo cha miezi 23 kwa mapigano ya mbwa huko Virginia, ambako mbwa walioonekana hawafai walinyongwa au kuzamishwa majini. Wangekuwa wamerithi moyo unaohubiriwa, wasingeuawa kwa kuukosa. Katika mbwa takriban 50 waliookolewa, 22 walipelekwa kwenye hifadhi moja ya wanyama huko Utah, wengine wakapokelewa na watu wa kuwalea, na baadhi yao walikuja kuishi na familia zenye watoto na paka. Hata hivyo kila mmoja wao alipimwa tabia kwanza na watu wenye ujuzi, na mtoto mdogo haachwi peke yake na mbwa, awe wa ukoo gani.

Usimlipe mtu huyo. Hifadhi picha ya karatasi, tangazo na mazungumzo yenu, uvipeleke polisi au kwa chama cha kutetea wanyama, na kama unampenda pitbull, mtafute katika makao ya mbwa walioachwa. Ikiwa umeshalipa na mtoto wa mbwa tayari yuko nyumbani, mlete apimwe damu, kwa sababu kimelea kiitwacho Babesia gibsoni huenea kwa kuumana miongoni mwa mbwa wa mapigano, hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto, na huweza kumpunguzia mbwa damu mwilini hata anapoonekana mzima. Tazama rangi ya ufizi wake. Ukiwa mweupe badala ya waridi, usingoje kesho. Wala usimrudishe kwa aliyekuuzia.