Muulize Afande: Askari au ofisa kwenye mitambo ya nyuklia?

SWALI: Afande, salamu kutoka Walukuba, Jinja. Mwanangu wa kwanza ana miaka 20. Anaishi Waltham, Massachusetts, kwa baba yake mdogo, na ameshapata uraia wa Marekani. Amemaliza mwaka wa pili wa uhandisi wa mitambo chuo kikuu, bado miwili. Juzi watu wa Jeshi la Wanamaji walimpa mtihani wakamwambia alama zake zinamtosha kuingia kwenye mitambo ya nyuklia. Baba yake mdogo anasema aache chuo aingie sasa kama askari wa kawaida, achukue pesa ya kujiunga, uofisa atauomba akiwa ndani. Mimi nataka amalize shahada aingie akiwa ofisa, maana sitaki mwanangu awe mtu wa kupiga saluti maisha yake yote. Mwenyewe anasema tu kwamba anapenda mashine. Nani ana haki? Na hiyo nyuklia haitamdhuru? Mama wa Walukuba.

JIBU: Mama, kwamba amalize shahada niko pamoja nawe. Sababu uliyoitoa ndiyo siikubali.

Mimi nilikuwa sajini wa mitambo UPDF, jeshi letu la Uganda, mpaka nikastaafu. Saluti nimepiga nyingi, na hazikunipunguzia kitu. Kule Mogadishu jenereta za kambi zilikuwa chini yangu. Zikizimika usiku, wagonjwa wako gizani, na hapo watu hawaulizi una nyota ngapi begani, wanauliza fundi yuko wapi. Tuliletewa Luteni kijana, mhandisi wa Makerere, mwenye akili na moyo wa kazi. Alitamani kushika spana. Haukupita muda akapewa msafara wa magari, kisha platuni, kisha ofisi yenye mafaili. Alizifanya zote vizuri, lakini jenereta zilibaki kwangu. Kijana wako anayesema anapenda mashine aelewe jambo hilo kabla ya lingine lolote, kwa sababu kwenye manowari za Marekani zinazoendeshwa kwa nyuklia ni vivyo hivyo.

Askari wa nyuklia kule huwekwa katika ufundi mmoja kati ya mitatu: mitambo, umeme au elektroniki. Akitoka mafunzo ya kuruta Great Lakes, Illinois, anapelekwa Goose Creek, South Carolina, kusomea ufundi wake. Kisha ni miezi 6 ya shule ya nyuklia yenyewe, hesabu, fizikia, kemia na jinsi kinu cha nyuklia kinavyofanya kazi, halafu miezi mingine 6 kwenye kinu halisi kinachowaka, huko huko South Carolina au Ballston Spa, New York. Vitabu na madaftari ni siri, havitoki nje ya jengo. Anayetaka kurudia somo usiku anarudi darasani. Akifika kwenye nyambizi, fundi wa elektroniki ndiye anayekaa mbele ya meza ya kuendeshea kinu. Wa mitambo ana mvuke, pampu na turbini. Wa umeme ana jenereta na swichi zake. Mashine ni yao, mchana na usiku.

Ofisa naye hupita shule hiyo hiyo ya miezi 6, na kinu hicho hicho miezi 6. Akienda nyambizi huongezewa masomo Groton, Connecticut. Akiwa zamu kwenye mitambo, wale mafundi wako chini ya amri yake na kosa lao ni lake. Lakini hiyo ni nusu ya kazi. Lazima pia ajifunze kuiongoza nyambizi yenyewe, kutazama kwa periskopu, kujua silaha, kuandika ripoti za watu wake, kusikiliza shida za ndoa zao. Beji ya pomboo ya ofisa ni ya dhahabu, ya askari ni ya fedha, na zote mbili hutolewa kwa aliyeonyesha kwamba anaijua nyambizi yote, kuanzia mbele hadi nyuma.

Kwa hiyo mwulize mwanao: unapenda mashine, au unapenda kuwajibika kwa mashine na watu wanaoiendesha? Akisema la kwanza, uaskari haumshushi hata kidogo.

Sasa kwa nini bado nasema amalize chuo? Kwa sababu ya pale alipo leo. Kuna mpango wa Jeshi la Wanamaji wa kuandaa maofisa wa nyuklia, uitwao NUPOC, ambao humchukua mwanafunzi akiwa amebakiza hadi miezi 30 kumaliza shahada, ukamlipa mshahara wa kila mwezi huku anasoma, bila sare wala gwaride. Mwanao amebakiza miaka miwili. Yuko ndani kabisa ya muda huo, na kama karo ndiyo inayomsukuma baba yake mdogo, basi hapa pana jibu la karo. Wanadai mwaka mzima wa kalkulasi na mwaka mzima wa fizikia inayotumia kalkulasi, na alama nzuri. Halafu anaitwa Washington, wahandisi wanamkalisha ubaoni kumhoji, na mwisho anaingia kwa admirali mwenyewe anayeongoza mitambo yote ya nyuklia ya jeshi hilo. Desturi hiyo ilianzishwa na Hyman Rickover, baba wa nyambizi ya kwanza ya nyuklia, Nautilus. Huyo Rickover alizaliwa Poland akaletwa Marekani akiwa mtoto. Mwanao asiingie chumba kile akijiona mgeni.

Akipita, anakwenda shule ya uofisa Newport, Rhode Island, kisha anadaiwa utumishi wa miaka 5. Askari wa nyuklia hufunga mkataba wa miaka 6. Hilo la kuuomba uofisa akiwa ndani lipo kweli. Mpango mmoja, STA-21, huwatoa askari kwenda chuo kikuu na kurudi maofisa, na wa nyuklia wana nafasi zao. Lakini ni ushindani mkali. Shemeji yako anakiuza kiti ambacho bado hakijatengenezwa. Na akishindwa ile shule ngumu akiwa askari, mkataba haufutiki. Jeshi litampa kazi nyingine linayoihitaji, labda mbali kabisa na mashine.

Nyuklia kumdhuru: kila anayefanya kazi karibu na kinu huvaa kipimo cha mionzi, na kumbukumbu yake hutunzwa. Mimi kama mzazi ningejiandaa zaidi kwa ukimya. Nyambizi za makombora hukaa baharini wiki 10 na zaidi kwa safari moja, na huko hakuna simu ya Jumapili.

Mama, najua wengi wetu tunaofikiria watoto hawa tunafikiria pia Buyende, ambako serikali imetangaza mpango wa kituo cha umeme wa nyuklia. Vituo vya umeme vya Marekani huwapenda sana waliotoka kwenye manowari, maofisa na askari pia, na ningefurahi kumwona mwanao Kyoga siku moja. Lakini michoro ya vinu vya jeshi ni siri ya Marekani hata baada ya kustaafu. Atakachorudi nacho ni nidhamu ya kazi na shahada yake, na shahada ndiyo karatasi ambayo ofisi zetu za Kampala zitaiomba kwanza.

Mwisho, aliyempa mtihani kazi yake ni kuandikisha askari. Wanaoandikisha maofisa wana ofisi yao, na mwanao awatafute hao mwenyewe kabla hajaweka sahihi popote, akiwa na karatasi zake za alama mkononi. Watakapomchunguza kwa ajili ya siri, wataulizia ndugu walioko nje ya Marekani. Aandike jina lako, mtaa wako na ndugu zake wote wa Jinja bila kuficha hata mmoja.