Ukali wa Msimamizi au Uonevu?
Ndugu muulizaji, unataka kujua kama msimamizi anayekukejeli mbele ya wenzako na kukuficha taarifa za vikao ni mkali tu au anakuonea. Msimamizi mkali hukosoa kazi, tena ya kila mtu, na hueleza namna ya kuirekebisha. Mwonevu humlenga mtu, hurudia, na mara nyingi hutumia njia za kimyakimya, kama kukunyima taarifa kisha kukulaumu kwa kutojua, jambo ambalo kwa maoni yangu huumiza kuliko matusi. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unatambua kwamba hata tukio moja laweza kuwa unyanyasaji. Andika tarehe, maneno na mashahidi, kisha wasilisha malalamiko kwa maandishi.