Re: Nataka kupima kano za makongoro, milimita nisome kwenye skrini ya mashine?

Mkuu USISOME kwenye skrini. Umeandika "mashine ya kuvutia nondo inatoa yenyewe nguvu na mm, nagawa kwa urefu basi" nimeacha chai hapa, hiyo sentensi ndo ilinila semista nzima, na hela ya makongoro juu.

Iko hivi. Ile mm ni mwendo wa kichwa cha mashine, sio kano kurefuka. Nondo ukiibana na yale meno ya taya inatulia, ila kano ina maji, ukiibana inajikamua inaanza kuchomoka kidogokidogo kama sabuni na kwa macho huoni kitu. Chukua kano ya mm 50 kati ya taya, eneo la mkato mm² 20, umefika N 600, skrini inasema mm 4. Unaandika imerefuka asilimia 8, mkazo (nguvu kugawa kwa eneo) MPa 30, moduli (ukakamavu wake, yaani mkazo kugawa kwa kurefuka) MPa 375, unajiona injinia. Kumbe mm 2 zimeteleza ndani ya taya, kano imerefuka asilimia 4 tu, moduli ni MPa 750. Nusu ya moduli imeyeyuka na grafu imenyooka safi kabisa, hamna cha kukushtua. Mimi nilishtuliwa na mtahini, kaniuliza huyu ng'ombe alikuwa anatembea au anabebwa. Ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Aliyeniingiza chaka ni fundi wa maabara, "dogo mashine haidanganyi, hapa tunapima nondo za maghorofa". Za maghorofa! Na msimamizi kasaini bila kukanyaga maabara, yeye mtu wa zege, habari za tishu kazisikia kwenye ripoti yangu hiyohiyo. Sina kinyongo ila wakiuona huu uzi nawasalimia.

Sasa sikia. Nguvu chukua kwenye mashine, kurefuka chukua kwenye KANO YENYEWE. Weka nukta mbili za wino mweusi katikati, mbali na taya, simu kwenye stendi, rula pembeni umbali uleule na kano, na skrini ya mashine iingie kwenye video hiyohiyo ujue N ngapi nukta zikiwa wapi. Halafu zifuate nukta kwa Tracker au Kinovea, programu za kupima mwendo kwenye video, zote bure. Msasa kwenye taya unapunguza kuteleza, ila ukiweka msasa ukaacha nukta bado utadanganyika. Mwanzo wa grafu ukipinda usihangaike, ni kolajeni (nyuzi za protini za kano) iliyojikunja inanyooka. Vuta na kuachia mara kadhaa kwa nguvu ndogo kwanza, mvuto wa kwanza haufanani na unaofuata, na inyunyizie normal saline ya drip isikauke, ikikauka inakakamaa unapima kitu kingine.

Mengine tutaongea, kwanza tupia picha ya taya za mashine yenu hapa.