Mnaoanza ikolojia, fuateni nani anamtegemea nani

Mwaka wangu wa kwanza porini nilijaza madaftari mawili ya majina: ndege, wanyama, miti. Mwalimu aliyapitia yote, kisha akaniuliza, "Haya, nani hapa anamtegemea nani?" Sikuwa na jibu. Ninyi mnaoanza sasa, swali hilo liwatangulie kila mnapokwenda.

Fuateni nishati kwanza. Huingia kutoka kwenye jua, mimea ikainasa kwa usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga, na kila mmoja anapomla mwenzake nyingi hupotea kama joto. Kwa wastani ni kama asilimia 10 tu inayofika ngazi ya juu yake, yaani kwa mlaji. Ndiyo sababu simba ni wachache na swala ni wengi. Virutubisho vyenyewe huzunguka, mradi wawepo bakteria, kuvu na mchwa wa kuozesha kilichokufa. Wanafunzi wengi hukimbilia kumtazama simba. Nawasihi mpige magoti kwanza, mfukue majani makavu mwone kazi inayofanyika chini yake.

Mfano nisiouchoka ni Serengeti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kama 250,000, wakiandamwa na sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe unaowaambukiza nyumbu pia. Ng'ombe waliozunguka hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu pia, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja. Nyumbu wengi walikula nyasi nyingi, moto wa kiangazi ukakosa cha kuunguza, na miche ya miti iliyokuwa ikiteketea kila mwaka ikapata kukua. Chanjo ya ng'ombe ilirudisha miti! Nilipolielewa hilo nilianza madaftari yangu upya.

Mambo huharibika kwa njia hiyohiyo. Kausha kinamasi ili ulime, na mafuriko yaliyokuwa yakitulia humo yatashuka kwa walio bondeni. Ua wadudu kwa sumu, na maua yatachanua bila kuzaa. Anayekausha au kunyunyizia huwa hakukusudia hayo, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha uhusiano huo mapema. Hiyo ndiyo kazi yetu, nami naiona ya haraka.

Kwa hiyo, mkiandika ripoti ya kutetea eneo, msiishie kwenye idadi ya spishi. Chagueni kiumbe kimoja, hata kama ni mchwa, mweleze hatua kwa hatua nani atakosa nini kikitoweka.